Jina la Kifungua Mimba

Miaka sitini na nne Halake aliishi bila kujua Bunge lina kazi gani, na hakupungukiwa na kitu. Wabunge aliwaona wakati wa kura, wakija kijijini kutimua vumbi na magari yao, wakicheka na kila mtu, kisha wakipotea. Lakini mwaka huu, lo! Ungemkuta amekaa kizingitini na redio sikioni ungedhani ana ndugu kule ndani ya jumba. Angekueleza, wewe uliyesoma, kwamba mswada husomwa mara ya kwanza kwa kutajwa jina tu, kwamba ukisomwa mara ya pili ndipo wanaujadili, kwamba kuna kamati, kuna mara ya tatu, na kwamba hata hapo bado si sheria mpaka Rais autie sahihi. Alikuwa na hesabu ya hatua hizo kichwani, yeye ambaye hata jina lake hawezi kuliandika.

Mswada aliokuwa akiufuatilia aliambiwa na binti yake Abdia, aliyeusoma kwenye simu. Ulisema kesi ya kujeruhi ikishapatanishwa na wazee, na aliyejeruhiwa akakubali kwa hiari yake, hakimu awe na ruhusa ya kuifunga kesi hiyo, au kumpunguzia mshtakiwa adhabu. Basi, hayo tu. Na mtoto wa kwanza wa Halake, Adan, alikuwa amelala rumande akingoja kifungo kwa kosa la kumkata mtu panga, kosa ambalo wazee walishalipatanisha tangu mwaka jana. Mswada ungesomwa mara ya pili Jumanne. Adan angesomewa adhabu yake Alhamisi, korti ya Garsen. Kati ya siku hizo mbili ndimo roho ya Halake ilimokuwa ikipanda na kushuka.

Na huyo Adan hakumkata mtu. Lijue mapema, maana ndilo lililokuwa likimla baba yake usiku na mchana.

Sasa sikiliza jinsi mtu mwenye akili zake timamu anavyoweza kumfunga mwanawe kwa ulimi wake mwenyewe.

Kiangazi kile kilichopita kilikuwa cha kukondesha. Visima vya bara vilikauka, na kila mwenye ng'ombe alikuwa akiwashusha mtoni kupitia malka, ile njia ya mifugo inayokata katikati ya mashamba. Pembeni mwa malka ana shamba lake Baya, Mgiriama wa Tarasaa, mtu wa mahindi na mihogo, mcheshi, mpenda kubishana. Safari ile mahindi ya Baya yalikuwa yamekaribia kukomaa na yalikuwa yameisogelea njia kidogo. Kidogo tu, lakini ng'ombe mwenye njaa hajui kidogo. Wakaingia.

Aliyekuwa akiwachunga jioni ile alikuwa Huka. Huka ni mtoto wa marehemu dada yake Halake. Alichukuliwa akiwa bado ananyonya, akalelewa na Barwako, mke wa Halake, pamoja na watoto wake mwenyewe. Kijana mzuri, ila hasira zake zilikuwa karibu sana. Baya akatoka na fimbo akipiga kelele, akampiga ng'ombe mmoja mgongoni, wakatukanana, wakakamatana, na jua lilikuwa limeshazama. Panga la Huka likashuka. Baya akabaki na kidole gumba na cha shahada katika mkono wake wa kulia, vile vitatu vingine vikaenda. Huka akakimbia. Hakurudi hata kuchukua shuka lake. Wengine walisema alionekana Madogo, wengine walisema ameshavuka mpaka.

Adan, mwana wa Halake, siku hiyo alikuwa na ndama upande wa mbugani, peke yake, mahali ambapo hata mtandao wa simu haufiki. Nani alimwona? Ndama.

Watu wa huku hawana haja ya kuelezwa ugomvi wa ng'ombe na shamba unaweza kufika wapi. Walishazika. Watu wa Halake walizika, watu wa Baya walizika, na kuna mwaka ambao hadi leo wakiutaja wanapunguza sauti. Ndiyo maana siku ya tatu tu, kabla vijana wa upande wowote hawajapata wazo, Halake aliongoza wazee wake wawili mpaka kwa chifu, na wazee wawili wa Kigiriama wakaja, na Baya akaletwa mkono ukiwa umefungwa bandeji mpaka kiwiko. Wakasemezana, wakakubaliana. Mitamba watatu na fahali mmoja. Hakuna aliyepandisha sauti.

Kisha chifu akafungua karatasi, akauliza, "Aliyemkata anaitwa nani?"

Hapo ndipo. Ungekuwa wewe ungesema Huka, na mambo yangeishia hapo. Lakini katika nyumba ya Halake, tangu kwa baba yake na babu yake, damu ikimwagwa na mtu wa nyumba hiyo, anayeibeba mbele ya watu ni kifungua mimba. Haijalishi mkono ulikuwa wa nani. Kumtaja yatima uliyemlea mwenyewe, tena hayupo, ni kumtupa nje ya boma na kuwaambia walimwengu, huyu si wetu, mfanyeni mtakalo. Jambo hilo mtu hafanyi. Halake hakufikiri hata kidogo. Alisema, "Adan, mwanangu wa kwanza," kwa sauti ya mtu anayefanya jambo la heshima, na kwa kweli alijiona amefanya jambo la heshima.

Adan, miaka ishirini na sita, alikuwa amesimama nyuma yake. Alimtazama baba yake mara moja. Kisha akaja mbele, akaushika ule mkono wenye bandeji kwa mikono yake miwili, akasema, "Mzee Baya, nisamehe, ni mimi." Baya akalia, wazee wakalia. Halake akatia dole gumba kwenye karatasi na Adan akatia sahihi, wakaenda kula. Nakwambia ile siku watu walirudi makwao wamefurahi.

Wasilolijua ni kwamba hospitalini daktari alishajaza fomu, fomu ikaenda polisi, polisi wakafungua faili. Mwezi wa pili wakamchukua Adan. Baya mwenyewe alikwenda kituoni kusema ameshasamehe, wakamwambia, mzee, kesi si yako, kesi ni ya Jamhuri. Akarudi nyumbani anajiuliza Jamhuri ilikatwa vidole vingapi.

Kortini ilikuwa kioja, ila kioja cha kuliza. Wazee wanne, wawili wa huku na wawili wa kule, walivaa nguo zao safi wakaja kumtetea kijana. Kila mmoja alisimama akaeleza kwa fahari jinsi mambo yalivyopatanishwa, na jinsi Adan alivyoushika mkono wa Baya akasema ni mimi. Wa kwanza akasema, wa pili akasema, wa tatu akasema. Kiongozi wa mashtaka, kijana mwenye tai nyembamba, hakuwa na kazi. Alikaa tu akiandika na kuwashukuru. Wakili wa Adan, binti mmoja anayeitwa Mitchelle, aliyekuwa akiwasaidia bila kuwatoza chochote, alishika tama.

Adan alipoulizwa ajitetee alisema hana la kusema. Wakili alimwomba, dada yake akamwomba. Akajibu, "Baba alishasema mbele ya wazee. Mimi sibishani na baba yangu kortini."

Basi Halake akaona maji yamefika shingoni, akaomba asimame yeye. Akaapa, akasema kweli yote. Akasema ni Huka. Hapo alikuwa anamtupa yatima wa dada yake hadharani, mbele ya watu wa Baya waliojaa kwenye viti vya nyuma.

Yule kijana mwenye tai akanyanyuka na karatasi ya chifu. "Mzee, dole hili ni la nani?"

"Langu."

"Ulilitia kwa kulazimishwa?"

"Hapana. Mimi mwenyewe."

"Hapa unasema aliyemkata Baya ni Adan. Leo unasema ni Huka, ambaye hayupo na hawezi kuulizwa. Ulidanganya siku ile au unadanganya leo?"

Utaelezaje? Utamweleza vipi kijana wa Jamhuri kwamba siku ile hakudanganya, na leo pia hadanganyi? Halake alisema tu, "Kwetu ndivyo tunavyofanya," na watu wengine wakacheka. Mzee aliyekuwa akisuluhisha watu tangu ujanani, leo anachekwa. Alishuka kizimbani akikosea ngazi, Abdia akamdaka mkono.

Hakimu akamkuta Adan na hatia. Wakili Mitchelle akaomba muda, akautaja mswada, na hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, mtu asiye na ubaya, akatoa wiki mbili. Akasema ni za mwisho.

Sasa tuko Jumanne.

Kijijini kwa Halake mtandao unakuja na kwenda unavyotaka, kwa hiyo yeye na Abdia walikwenda Tarasaa tangu saa sita, wakakaa kwenye baraza ya duka la vipuri la Josiah, ambaye ni mtu wa kumwazima mtu kiti bila maswali. Abdia aliegemeza simu kwenye kopo la grisi. Saa nane na nusu Bunge likaanza. Halake alivua kofia, akaishika mapajani.

"Wameanza na lipi?"

"Bado, baba. Wanaomba dua."

"Aah. Vizuri."

Baada ya dua ikaja taarifa ya barabara ya mahali fulani. Baada ya barabara ukaja mswada wa bodi ya zao fulani, na hapo wakakwama. Mmoja alisimama akamsifu mwenzake, mwenzake akasimama akamsifu yeye. Mwingine alitaka kujua kwa nini mkono wake haukuonekana alipounyoosha. Wakabishana kuhusu mkono huo robo saa nzima. Halake alikuwa akisikiliza kila neno, hata yale ya Kiingereza asiyoyaelewa, na kila sauti ikibadilika alimtazama binti yake.

"Ndio huo?"

"Bado."

Josiah aliwaletea chai. Halake hakuigusa, ikapoa, nzi akaanguka ndani. Kufikia saa kumi na moja mkono wa Abdia ulikuwa umechoka kuizuia simu isianguke, lakini hakusema. Hatimaye mwenyekiti wa kikao akataja jina la mswada wao. Halake akasimama wima. Wallahi alisimama, kama mtu aliyeitwa.

Mbunge mmoja akasema, "Mheshimiwa, naona hatutoshi humu ndani."

Wakahesabiwa. Hawakutosha. Kengele ikapigwa kuwaita waliokuwa nje, ikalia dakika kumi, kengele ya kukera, na Halake alisimama dakika zote kumi pale barazani. Wakahesabiwa tena. Waliongezeka wanne. Mwenyekiti akasema akidi haikutimia, kikao kimeahirishwa, na kwa kuwa wiki inayofuata Bunge linaenda likizo, mswada utapangiwa siku nyingine baada ya likizo. Simu ikaanza kupiga tangazo la sabuni.

"Wamesemaje?" Halake aliuliza, ingawa alikuwa amesikia.

"Wameenda nyumbani, baba."

"Wote?"

"Wengi wao hata hawakuja."

Halake akavaa kofia. Alitaka kukasirika, lakini alikosa wa kumkasirikia. Mtu humkasirikia anayemjua, na hawa hakuwajua hata sura. Alimshukuru Josiah kwa kiti, wakarudi nyumbani. Barwako alipowaona tu njiani alielewa, akaingia ndani kuendelea na kazi zake. Mama huyo hakuwa amesema na mumewe zaidi ya maneno ya lazima tangu siku ya hukumu ya hatia. Siku hiyo alikuwa amemwambia, "Ulimi wako umewahifadhi watu wote ila mwanangu."

Alhamisi ikafika.

Kortini Baya alikuwa amewahi kuliko wote. Alipoitwa kusema neno kabla ya adhabu, aliunyanyua mkono wake wenye vidole viwili ili hakimu auone. "Mheshimiwa, huu ni mkono wangu. Ulikatwa mimi nikiwa nao, maumivu niliyaona mimi. Mimi nimesamehe. Jirani yangu huyu nitaishi naye mpaka kufa. Ukimfunga mwanawe hunisaidii kulima. Mrudishe nyumbani, nakuomba."

Hakimu alivua miwani akaifuta, kama mtu aliyetamani apewe ruhusa. Kisha akasoma. Alisema mahakama imeheshimu sana maneno ya Baya na ya wazee. Alisema amesikia kuhusu mswada, lakini mahakama haihukumu kwa sheria inayotarajiwa, inahukumu kwa sheria iliyopo. Alisema kosa la kujeruhi vibaya linaweza kumpa mtu kifungo cha maisha. Alisema kwa ajili ya upatanisho huo amemhurumia mshtakiwa. Miaka kumi.

Kumi ndiyo huruma. Barwako hakupiga kelele, aliketi tu chini sakafuni. Abdia ndiye aliyelia, kwa sauti, mpaka askari akamwomba atoke.

Adan alipokuwa akipitishwa mlangoni alisimama karibu na baba yake, na askari, Mungu ambariki, akajifanya anatafuta funguo.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Ng'ombe wameshapata maji?"

"Wamepata. Mvua imenyesha kidogo huko juu."

"Vizuri." Akafikiri. "Huka akirudi msimpige."

Halake alitaka kumwomba msamaha. Maneno alikuwa nayo, alikuwa ameyapanga wiki mbili, lakini askari alikuwa ameshapata funguo. Adan akaenda. Halake alibaki akitazama ule mlango wa kijani mpaka mfagiaji akamwambia, mzee, naomba nipite.

Jumamosi Wakili Mitchelle akapiga simu. Alisema bado hajakata tamaa, kuna siku kumi na nne za kukata rufani. Alisema anahitaji kitu kimoja, na kitu hicho kiko kwa Baya. Jioni ile Baya hakuuona uso wa aliyemkata, lakini kortini hakuna aliyemuuliza sawasawa. Baya akikubali kuapa kwamba uso wa mtu yule hakuuona, na kwamba Halake mwenyewe amemkiria uso kwa uso kuwa alitaja jina lisilo lake, tutakuwa na pa kuanzia.

"Mzee, zungumza naye. Mweleze kweli, kwa utulivu. Yeye ndiye tuliyebaki naye."

Halake alilala usiku ule. Ulikuwa usingizi wa kwanza tangu wiki mbili. Jumapili alioga, akatafuta maneno, akasema kesho nitakwenda kwa Baya.

Jumatatu asubuhi, kabla hajatoka, Baya akaja yeye.

Alikuja na ng'ombe. Mitamba watatu na fahali mmoja, wale wale, wakitangulia, na yule mtamba mwenye paji jeupe alipoona boma lake la zamani alikimbia akaingia mwenyewe, akaanza kulamba mti wa mlangoni. Nyuma, kule barabarani, walibaki vijana watatu wa Kigiriama. Hawakusogea wala hawakusalimia.

"Karibu, mwenzangu," Halake alisema kwa matumaini. "Karibu uketi."

"Sikai, mzee. Nina neno moja tu, nijibu nirudi." Baya hakuwa na ucheshi wake. Alionekana hajalala. "Kwa chifu ulisema aliyenikata ni Adan. Kortini ukaapa ni Huka. Mimi uso sikuuona, giza lilikuwa limeingia. Sasa watu wangu wananiuliza, na mimi sina jibu. Ndiyo nimekuja kwako."

"Uliza."

"Kama ni Adan, basi aliyenishika mkono akaniomba msamaha ndiye. Nilisamehe aliyenikosea. Mambo yameisha, ng'ombe ni wangu, na wale kule nitawaambia wakae chini. Lakini kama ni Huka..." Aligeuka akawatazama wale vijana kule barabarani. "Kama ni Huka, mzee, mimi nilifanyiwa mchezo. Nililia mbele ya watu kwa ajili ya mtu ambaye hakunifanya kitu. Aliyenikata hajaniomba chochote, yuko huko anakula. Ng'ombe wako ni hawa. Kwa wakili wako nitakwenda leo leo, nitaapa, sitaki mtoto wa mtu aoze bure. Hilo nakuahidi."

Halake akafungua mdomo. Jina lilikuwa pale ulimini.

"Ila nikuambie na la pili," Baya akasema, na sasa alipunguza sauti, "nisikufiche. Wale vijana mimi siwawezi tena. Tangu ulipoapa kortini wanasema mapatano yalikuwa ya uongo, kwa hiyo hayapo. Wanasema Huka hapatikani, lakini wenzake wanapatikana malka kila siku. Wameshanoa, mzee. Nimewazuia kwa neno moja tu, kwamba nije nikuulize. Utakalosema ndilo nitakalowapelekea."

Halake aligeuka akatazama nyuma yake. Hakuwa na haja ya kutazama, alikuwa anajua kuna nini. Ng'ombe walikuwa wanajipanga kwenda mtoni. Vijana sita wa kijiji, mdogo kabisa ana miaka kumi na miwili, walikuwa wanafunga viatu, mmoja anamfukuza mwenzake kwa fimbo wakicheka. Barwako alikuwa amesimama mlangoni na kibuyu cha maziwa. Abdia alikuwa kando yake na simu mkononi. Barwako alikuwa amesikia kila neno, na macho yake yalikuwa yanamwomba mumewe kitu kimoja. Hakuwahi kumwomba kitu tangu waoane, na sasa alimwomba.

Fikiria. Sheria ambayo ingemwokoa Adan imeenda likizo. Sheria iliyopo imeshakula. Kweli aliisema mara moja, akachekwa. Na leo kweli hiyo hiyo amekuja mtu kuiomba kwa mikono miwili, na bei yake ni wale sita.

Baya alingoja. Naye alikuwa anaogopa jibu, lolote.

"Kortini," Halake alisema, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine, "nilisema vile kwa uchungu wa mtoto. Mzazi atasema chochote."

"Sema wazi, mzee. Ni nani alinikata?"

"Ni Adan."

Barwako alitoa sauti ndogo. Si kilio, sauti tu, kisha kibuyu kikaanguka.

Baya alishusha pumzi ndefu, mabega yakamshuka. Machozi yalimlengalenga. "Ahsante, mzee. Umetuokoa. Miaka kumi si milele, atarudi, na siku hiyo nitakuwa hapa kumpokea." Akanyoosha mkono wa kulia, ule wenye gumba na kidole kimoja, na Halake akaushika kwa mikono yake miwili, vile vile Adan alivyoushika.

Yule mtamba mwenye paji jeupe hakutaka kutoka bomani. Ilibidi wamsukume, Baya mbele na Halake nyuma. Barabarani Baya alisimama akazungumza na wale vijana. Walimsikiliza, mmoja akatema mate pembeni, kisha wakageuka, wote wanne na ng'ombe wao, wakashika njia ya Tarasaa. Vijana wa Halake nao wakaanza safari ya mtoni, wakipiga miluzi.

Halake alirudi polepole. Maziwa yalikuwa yameshaingia mchangani, na Barwako hakuwepo mlangoni tena. Alikuwepo Abdia peke yake, amenyoosha simu mbele, uso umemvimba.

"Baba, ni wakili. Anauliza kama umeongea na mzee Baya."

Halake aliipokea, akaiweka sikioni, pale pale anapoweka redio. Binti wa watu alikuwa anaita kule upande wa pili, "Haloo? Mzee Halake? Amekubali? Haloo?" Akaita tena na tena, na Halake alisimama akimsikiliza mpaka simu ikakatika.